Degedege: Ubongo wa Mtoto Unapokosa Chakula

Degedege ni neno la kutisha katika nyumba yoyote yenye mtoto mdogo. Asubuhi mtoto ana homa kidogo. Mchana amelala tu wala hataki kunyonya. Jioni macho yanageuka, meno yanakazana, mikono na miguu inarukaruka. Hapo majirani hujaa uani. Mmoja asema ni upepo mbaya. Mwingine asema ni jicho la mtu. Wa tatu aonya kwamba mtoto mwenye degedege asipigwe sindano, eti sindano itamwua. Katika mabishano hayo saa zinapita.

Wazazi wapenzi, yafaa tujue mambo yanayotendeka ndani ya kichwa cha mtoto huyo. Si kila degedege hutokana na malaria. Homa nyingine huweza kulileta, na ugonjwa wa utando wa ubongo pia. Lakini kwetu Kagera malaria ni ya kufikiriwa mapema. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2006, malaria ilipofumuka kwa nguvu huko Muleba na kuua watoto wengi.

KIJIDUDU HUJIFICHA

Malaria huletwa na mbu jike aitwaye Anofelesi. Katika vijidudu vya malaria, mkali kuliko wote ni falsiparamu. Kijidudu hiki huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, hula humo na kuzaana humo. Chembe iliyoingiwa huota vifundo vidogo vyenye kunata. Badala ya kupita na damu kama wenzake, chembe hiyo hujishikiza kwenye kuta za mishipa myembamba, hasa mishipa ya ubongo.

Fikiri mfereji uliojaa majani makavu ya migomba. Maji hayapiti vema. Upande mmoja yanafurika, upande wa pili shamba linakauka. Ndivyo ilivyo damu katika ubongo wa mtoto mwenye malaria kali. Na kwa kuwa vijidudu vimejificha huko, damu ya kidoleni huweza kuonyesha vichache tu, kumbe mtoto yu hatarini.

UBONGO HUTAKA SUKARI

Ubongo hauna ghala. Misuli huweka akiba, ini huweka akiba, lakini ubongo hutegemea sukari na hewa safi inayoletwa na damu saa kwa saa. Katika malaria kali sukari hupungua kwa sababu tatu. Kwanza, mtoto hali. Pili, ini lake limechoka, halitengenezi sukari ya kutosha. Tatu, vijidudu navyo hula sukari hiyo hiyo. Mwaka 1988 madaktari wa Malawi walieleza kwamba watoto waliofika hospitali sukari yao ikiwa imeshuka walikufa kwa wingi kuliko wenzao.

Tena, mwili usiopata hewa safi ya kutosha hutengeneza asidi ya laktiki. Asidi hiyo ikizidi katika damu, mtoto hupumua kwa haraka na kwa kina, kama aliyetoka mbioni. Mama akiona mwanawe anapumua hivyo, asidhani ni homa tu.

MAMBO YALIYOGUNDULIWA

Watu wa Tanzania walitoa mchango mkubwa katika maarifa haya. Mwaka 1996 yalitangazwa majibu ya uchunguzi wa watoto wa Dar es Salaam. Mwili wa binadamu hutengeneza hewa iitwayo naitriki oksaidi, ambayo hulegeza mishipa ya damu na kuzuia chembe zisinate. Wachunguzi waliona kwamba kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo hewa hiyo ilivyokuwa kidogo. Mwaka 2003 ikajulikana zaidi: watoto wenye malaria ya ubongo walikuwa na upungufu wa arginini, yaani kitu ambacho mwili hukitumia kuitengeneza hewa hiyo. Tena chembe nyekundu zinapopasuka, wekundu wa damu unaomwagika humeza hata ile kidogo iliyobaki.

Kule Kilifi, Kenya, wataalamu walipima maji ya uti wa mgongo ya watoto wenye malaria ya ubongo. Majibu ya mwaka 2000 yalionyesha kwamba asidi iitwayo kwinolini ilizidi kwa watoto waliokuwa na hali mbaya zaidi. Asidi hiyo huchochea chembe za ubongo kupita kiasi, hata zikaweza kudhurika.

Mwaka 2015 madaktari wa Blantyre, Malawi, walitoa habari za watoto 168 wenye malaria ya ubongo, ambao walikuwa wamewapiga picha za ubongo kwa mashine kubwa ya sumaku. Watoto 25 walikufa. Kati ya hao, 21 ubongo wao ulikuwa umevimba sana. Ubongo umo ndani ya mfupa. Ukivimba hauna pa kwenda. Hugandamiza mahali panapotawala pumzi, na pumzi hukoma.

Je, hakuna dawa ya kurekebisha hayo yote? Wamejaribu. Huko Jinja, Uganda, watoto wenye malaria kali walivutishwa ile hewa ya naitriki oksaidi, lakini majibu ya mwaka 2015 hayakuonyesha msaada. Basi hili ndilo jambo la kushika: mambo ya ubongo yakiisha kuharibika, kuyarudisha ni kazi ngumu hata kwa mabingwa. Njia tuliyo nayo ni kumwua kijidudu mapema, kabla hajaziba mishipa. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

DAWA IPO, NA SINDANO HAIUI

Kati ya mwaka 2005 na 2010 watoto 5,425 wenye malaria kali walitibiwa katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, ili kulinganisha dawa mbili za sindano. Kati ya watoto 2,713 waliopewa kwinini walikufa 297. Kati ya 2,712 waliopewa atesuneti walikufa 230. Ndiyo sababu leo atesuneti ndiyo dawa ya kwanza ya malaria kali. Asemaye kwamba sindano huua ameona mtoto aliyepelekwa akiwa amechelewa, akailaumu sindano.

Basi mzazi afanye nini?

1. Mtoto akiwa na homa, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe damu. Asingojee degedege.

2. Akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya, akilegea, akipumua kwa kina au akipoteza fahamu, hiyo ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku.

3. Degedege likimshika, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye. Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Usimnyweshe kitu chochote, wala usimfukizie moshi.

4. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, njiani aendelee kunyonya au kunywa uji wenye sukari.

5. Mahali pengine mganga wa zahanati huweza kumtia dawa ya atesuneti njia ya haja kubwa kabla ya safari. Dawa hiyo ni ya kumpatia nafasi tu. Safari ya hospitali isikatizwe.

6. Akipewa dawa ya mseto ya vidonge, aimalize yote. Uchunguzi uliofanywa Karagwe mwaka 2022 ulionyesha kwamba vijidudu vingine vimeanza kuchelewa kuondoka katika damu.

Na kinga ni bora kuliko tiba. Huko Muleba, uchunguzi ulioanza mwaka 2014 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye dawa ya mbu pamoja na kitu kiitwacho piperonili butoksaidi huwalinda watoto kuliko vile vya kawaida, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo. Chandarua si cha kuvulia dagaa wala cha kuzungushia bustani.

BAADA YA KUPONA

Neno la mwisho ni kwa wazazi na walimu pamoja. Mtoto aliyetoka katika malaria ya ubongo huonekana mzima. Anacheza, anakula, anacheka. Lakini katika uchunguzi wa Hospitali ya Mulago, Kampala, uliotangazwa mwaka 2008, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na shida ya kufikiri au kukumbuka baada ya miaka miwili. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya watoto wenzao wasiougua.

Baada ya miaka michache mtoto huyo huketi darasani. Anaambiwa hesabu leo, kesho amesahau. Anaitwa mjinga, anaitwa mvivu, anachapwa. Nyumbani baba asema amerogwa, au asema fedha ya daftari inapotea bure. Kumbe ubongo wake ulikaa na njaa usiku mmoja, na kovu limebaki.

Mzazi, mwambie mwalimu habari za ugonjwa huo. Mwalimu, mtoto akisahau sana, waulize wazazi kama aliwahi kupata degedege na kupoteza fahamu. Mketishe mbele, mpe kazi kwa vipande vidogo, rudia pasipo hasira. Akishikwa tena na kifafa bila homa, apelekwe hospitali, maana kifafa nacho kina dawa. Fimbo haijaponya ubongo wa mtu yeyote.