Kola ya ndovu: Prosesa moja hulala, nyingine hukesha

WAKAZI wa vijiji vinavyopakana na Tsavo, kuanzia Voi hadi Sagalla, wanaifahamu vyema hasara ya ndovu anayevamia shamba usiku.

Mnamo Machi 2016, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na shirika la Save the Elephants waliwavisha ndovu 10 wa Tsavo kola za kufuatilia nyendo zao, ili kubaini jinsi Reli ya Kisasa (SGR) ilivyoathiri mapito yao.

Betri ya kola haibadilishwi ila kwa kumdunga mnyama dawa ya usingizi, kazi yenye gharama na hatari. Ndiyo maana umeme wake hutumiwa kwa uchache mno.

Njia moja ya kuuhifadhi katika vifaa vya aina hii ni kugawa kazi baina ya prosesa mbili. Prosesa kuu hushughulikia mawimbi ya setilaiti yanayoonyesha alipo mnyama, na kuendesha redio inayotuma ujumbe. Ikiwa macho, hula umeme mwingi. Kwa hivyo muda mrefu hulazwa.

Prosesa ndogo, itumiayo umeme haba, hukesha mfano wa mlinzi wa shamba aliye juu ya dungu. Hupima mtikisiko wa shingo, huulinganisha na kiwango ilichowekewa, kisha huhifadhi vipimo katika kumbukumbu yake.

Ndovu asipotikisika kwa saa nyingi, jambo linaloweza kuashiria ugonjwa au ujangili, prosesa ndogo hubadilisha volteji ya waya mmoja. Ishara hiyo huiamsha prosesa kuu, nayo huuliza sababu ya kuamshwa na kusoma vipimo kupitia nyaya mbili: mmoja hubeba data, mwingine hupiga mdundo ili pande zote ziende sambamba.

Baada ya kutuma taarifa, prosesa kuu huifuta ishara na kulala tena. Isipofutwa, huenda ikaamshwa bila kikomo hadi betri iishe.

Ugumu umo katika kupanga kiwango. Prosesa ndogo ikishtuliwa na kila mtikisiko, betri hufa mapema. Ikiwa nzito wa kushtuka, askari wa wanyamapori hupata habari mzoga ukiwa umeshaoza. Uamuzi huo hauachiwi mashine: hufanywa na binadamu, kabla ya kola kufungwa shingoni.