Lori Hutengenezwa Masika, Si Vuli

Kila mwanachama anaijua hesabu ya karafuu: palizi, ujira wa wachumaji, majamvi, vibarua wa kuchambua makonyo. Hesabu ya lori wachache wanaijua, nayo ndiyo inayotutia hasara mwishoni, karafuu ikisha kauka na kutiwa guniani. Frasila moja ni ratili 35, yaani kilo 16 kasoro kidogo. Basi lori la tani 4 huchukua kadiri ya frasila 250. Likivunjika springi njiani, na mvua ya vuli ikalikuta papo hapo, hilo si lori tu lililosimama. Ni jasho la watu wengi. Karafuu kavu ikirowa huota ukungu na kupoteza rangi yake, na mbele ya mzani wa ZSTC hapana udhuru wa springi.

Wazee wetu walileta karafuu mjini kwa vichwa, kwa punda na kwa magari ya ng'ombe. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilikamilisha reli ya maili 7 kutoka mjini hadi Bububu, lakini barabara zilipotengenea motokari ziliishinda, na mwaka 1922 reli hiyo ikaacha kuchukua abiria. Tangu hapo mzigo wa shamba umekuwa juu ya motokari. Punda alikuwa na jambo moja jema: akiumwa mguu alichechemea, kila mtu akaona. Lori huficha ugonjwa wake mpaka siku ya mzigo.

Ugonjwa wa kwanza kwetu ni chumvi. Lori linaloshinda bandarini Malindi likingoja mzigo wa Pemba hupigwa na upepo wa bahari mchana kutwa. Rangi ya bodi hung'ara, walakini chini kutu inakula chesi na vibomba vya breki. Wengi wetu huosha kioo na milango, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana. Yafaa kinyume chake: maji ya mfereji yapigwe chini ya gari, kwenye springi na nyuma ya magurudumu, kila juma ambalo gari limeshinda bandarini, kisha vibomba vya breki vikaguliwe kwa kurunzi. Kibomba chenye kutu ya magamba kibadilishwe, wala kisingojee kuvuja.

Tukiwa kwenye breki, wanachama wa Pemba watuwie radhi tukiwasisitiza wao zaidi, maana vilima ni vyao. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na visiwa vyetu havikosi unyevu. Gari likiteremka limejaa, breki hupata moto. Yale maji yaliyomo ndani ya mafuta huchemka na kuwa mvuke, na pedali hushuka mpaka chini bila ya kukamata. Dereva husema breki zimekufa ghafula. Hazikufa ghafula, zilikuwa zikifa kidogo kidogo. Mafuta hayo yamwagwe na kutiwa mapya kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea sana. Na kilima hushukwa kwa gia ndogo, si kwa mguu wa breki.

Mengine ni ya kila asubuhi, wala hayachukui robo saa: oili ya injini, maji ya rejeta kabla injini haijapata moto, upepo wa tairi pamoja na ile ya ndani katika zile pacha za nyuma (hiyo husahauliwa, na ndiyo hupasuka), nati za magurudumu, na kumwaga maji yaliyojikusanya chini ya filta ya dizeli.

Lakini tuseme kweli: karafuu haiharibu lori. Karafuu kavu ni nyepesi kwa ujazo wake. Kinachovunja springi ni mchanga, mawe na matofali tunayochukua wakati hakuna karafuu, tani 6 juu ya gari la tani 4. Halafu gari lile lile, mgongo umekwisha pinda, tunalipeleka Donge au Konde msimu ukifika, na tunashangaa.

Kwa hiyo matengenezo makubwa yafanywe masika, Machi hadi Mei, wakati mafundi wana nafasi na mashamba yametulia. Vipuri vingi hungojewa kutoka Dar es Salaam. Kitu kinachokuja kwa siku tano mwezi wa Aprili huja kwa siku tano vile vile mwezi wa Novemba, ila Novemba magunia yako yanangoja nje. Wanachama walio jirani wakinunua magari ya aina moja, wataweza kuweka pamoja feni belti, filta na majani ya springi.

Jambo tunaloliona kubwa kuliko yote halimo gereji. Dereva anayelipwa kwa safari hatasema kwamba gari linavuta upande mmoja, kwa sababu akisema, gari litasimama na yeye atakosa riziki ya siku hiyo. Atanyamaza. Mwenye gari naye atamlaumu siku ya ajali. Dereva apewe daftari la gari, aandike kilomita, oili iliyotiwa na kila kasoro. Na gari likisimamishwa kwa neno lake, alipwe nusu ya ujira. Ni ghali? Piga hesabu ya frasila 250 zilizorowa.

Wanachama wanaokodi nao wana haki ya kutazama kabla ya kupakia. Tandiko la gari likiwa lina oili au harufu ya dagaa wa jana, lioshwe na kukaushwa kwanza. Turubali litandazwe juani, mtu asimame chini yake atazame juu. Tundu zote zitaonekana kama nyota, na zishonwe hapo hapo.