Nafsi Isiyotajwa Jinsia: Lugha ya Mkesha wa Masimulizi ya Wapendanao wa Jinsia Moja

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja la lugha ambalo halina budi kuzingatiwa na kila achunguzaye masimulizi ya hadharani ya watu wapendanao wa jinsia moja, hasa katika Kaunti za Homa Bay na Migori, magharibi mwa Kenya. Mkesha wa masimulizi, kwa maana inayotumika hapa, ni kusanyiko la usiku ambamo fanani husimama mbele ya hadhira iliyoalikwa akasimulia maisha yake, akaimba, akaghani au akaigiza. Utendaji huu aghalabu hudhaniwa kuwa ni mtindo wa miji mikubwa uliokuja pamoja na Kiingereza. Hoja ya makala haya ni kwamba nyenzo zake kuu za lugha zimo tayari katika Kiswahili na katika Dholuo, lugha ya Wajaluo. Na kwamba nyenzo hizo huharibika upesi masimulizi yanapotafsiriwa kwa Kiingereza bila uangalifu. Madhara yake si ya kitaaluma tu, bali huweza kumfikia msimulizi mwenyewe.

2. Usiku na ruhusa ya kusema

Fasihi simulizi ya Wajaluo iliutengea usiku kazi yake maalumu. Ngano, ambazo Wajaluo huziita sigana, zilisimuliwa baada ya chakula cha jioni, na mahali pake palipojulikana zaidi ni siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee ambamo wasichana na watoto wadogo walilala. Mwanamke huyo aliitwa pim. Mwanahistoria David William Cohen, katika makala yake ya mwaka 1985, alimweleza pim kuwa mlezi ambaye mara nyingi alitoka nje ya ukoo wa mwenye boma. Kwa hiyo maarifa aliyowapa watoto hayakuwa yale ya baba zao peke yake. Katika siwindhe yalisemwa mambo ya mwili, ya mapenzi na ya ndoa ambayo yasingesemwa mbele ya wazee wa kiume. Ngano ilipokwisha, msimulizi aliifunga kwa tamko la kimila, thu tinda, likifuatwa na dua ya kukua.

Mambo mawili yanadhihirika hapa. Kwanza, ruhusa ya kusema ilitokana na mahali, wakati na hadhira, wala haikutokana na mada peke yake. Pili, mwanzo na mwisho wa usimulizi viliwekewa mipaka, ili yaliyosemwa humo yabaki humo. Mkesha unaozungumziwa katika makala haya hutegemea masharti hayo hayo: mlango unaojulikana, wasikilizaji wanaojuana, na mwisho unaotamkwa. Haifai kusema kwamba siwindhe ilikuwa mahali pa mapenzi ya jinsia moja. Hakuna haja ya dai hilo. Inatosha kuonyesha kwamba utaratibu wa kulinda kauli kwa kuipa nyumba yake si jambo geni katika nchi hii.

3. Sarufi ya stara

Kiswahili hakina kiwakilishi cha nafsi ya tatu kinachotenga mwanamume na mwanamke. Yeye ni yeye, na kiambishi a- hutumika kwa wote. Dholuo nayo iko hivyo: kiwakilishi en na kiambishi o- havitaji jinsia. Chukua sentensi hii iliyotungwa kwa ajili ya mfano tu: Mpenzi wangu alinisubiri ufukweni mwa ziwa. Kwa Dholuo inaweza kuwa: Jaherana norita e dho nam. Katika lugha zote mbili hakuna neno linaloonyesha kama anayesubiri ni mwanamume au mwanamke. Jaherana limejengwa kwa ja-, kiambishi cha mtu atendaye jambo au atokaye mahali fulani, nacho hufaa kwa jinsia zote.

Fanani anaposema hivyo mbele ya hadhira, hajaficha neno lolote. Amesema lugha yake kama wasemavyo wengine. Hata hivyo, sentensi hiyo moja husikika kwa namna mbili. Asiyejua hujaza nafasi kwa mazoea yake, na ajuaye huielewa kama ilivyokusudiwa. Sarufi yenyewe imetoa stara ambayo fanani hakulazimika kuitafuta.

Stara hiyo, lakini, ina matundu yake. Kitenzi oa kwa kawaida hutaka mtenda wa kiume, na olewa hutaka mwanamke; nyuomo katika Dholuo, yaani kuoa kwa kutoa mahari, huelekea huko huko. Istilahi za ujamaa, kama vile mume, mke, kaka na dada, nazo hutaja jinsia. Kwa sababu hiyo msimulizi stadi huweza kuchagua kauli ya kutendana, akasema tulipendana au tulioana, kwa kuwa kauli hiyo huwaweka wawili katika daraja moja bila kuuliza nani ni nani.

Katika Kaunti ya Migori hoja hii ya oa inahitaji tahadhari ya ziada. Wakuria wanayo ndoa ya kimila ambayo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kumwoa mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Ng'ambo ya mpaka, Tarime nchini Tanzania, ndoa hiyo hujulikana kwa jina la nyumba ntobhu. Shabaha yake ni urithi na kuendeleza nyumba, na si sahihi kuitumia kuwa ushahidi wa mapenzi baina ya wanawake hao. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, inathibitisha kwamba mwanamke anaweza kuwa mtenda wa kitenzi oa pasipo mtu yeyote kudai kuwa sarufi imevunjwa.

4. Majigambo na suala la jina

Utanzu wa pili unaohusika ni pakruok, yaani majigambo ya Wajaluo. Nyatiti, zeze la nyuzi nane, inapopigwa, mtu katika hadhira huweza kumsimamisha mpigaji, akatoa fedha, kisha akajisifu yeye mwenyewe, rafiki zake au kwao alikozaliwa. Kwa muda mfupi msikilizaji hugeuka fanani. Hapa, tofauti na katika ngano, kujitaja ndiko kiini cha utendaji.

Kujitaja huko huleta tatizo. Njia iliyozoeleka ni kusema wuod, mwana wa kiume wa mahali au mtu fulani, au nyar, binti wa mahali au mtu fulani. Anayejisifu hivyo ametaja jinsia yake na nyumba yao kwa pamoja. Katika mji mdogo wa kando ya ziwa, kutaja ukoo ni kutaja mlango. Lakini ja-, iliyotajwa hapo juu, inabaki kuwa njia ya tatu: mtu anaweza kujiita ja- wa mahali fulani, akawa na kwao bila kuainishwa. Mtu ambaye wuod na nyar havimtoshi ana chaguo ambalo lugha imelihifadhi kwa karne nyingi kwa makusudi mengine.

Majina ya jumla yana matatizo zaidi. Neno shoga, ambalo kwa wanawake wa pwani ni jina la upendo la rafiki wa kike, limegeuka bara kuwa tusi kwa mwanamume. Magazeti hutumia mapenzi ya jinsia moja, maneno ambayo hutaja tendo na kumwacha mtu bila jina. Pakruok hutenda kinyume chake: huanza na mtu na sifa zake.

5. Mkusanyaji na mfasiri

Mfano wa Kenya ulio karibu zaidi ni kazi ya The Nest Collective ya Nairobi, ambayo kuanzia mwaka 2013 ilikusanya masimulizi ya watu wa aina hii nchini. Mwaka 2014 masimulizi hayo yalizaa filamu ya Stories of Our Lives, yenye visa vitano, iliyoonyeshwa kwanza Toronto. Mwanzoni wasanii wake walikusudia kutotaja majina yao. Watatu wakajitaja baadaye. Oktoba mwaka huo Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya iliipiga marufuku. Simulizi iliyokuwa salama masikioni mwa mkusanyaji ilikuwa imevuka kizingiti.

Hatari hiyo ina msingi wa kisheria. Mnamo tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kubatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kukataa kusajili chama cha kutetea haki za watu hawa kulikiuka Katiba. Mwaka huo huo Mbunge wa Homa Bay Mjini, George Peter Kaluma, alitayarisha Mswada wa Ulinzi wa Familia uliokusudia kuongeza adhabu.

Katika hali hiyo mfasiri hukuta kwamba Kiingereza kina viwakilishi viwili vya nafsi ya tatu umoja, kimoja cha kiume na kimoja cha kike. Akitumia kimojawapo, ametamka ambalo fanani hakulitamka. Akitumia kiwakilishi cha wingi kwa maana ya umoja, kama ilivyo desturi sasa, ameepuka kosa hilo lakini ameleta jingine: lililokuwa usemi wa kawaida linageuka tangazo. Yeye wa Kiswahili hatangazi kitu.

Hatari iko pia upande wa pili. Wapo wasimulizi wanaokuja mkeshani ili waseme waziwazi, na kwao stara ni mzigo waliokuja kuutua. Mfasiri anayelinda kila nafsi kwa kuificha huweza kumnyang'anya mtu kauli aliyoitafuta kwa miaka mingi.

6. Hitimisho

Sarufi peke yake haiwezi kumwambia mtafiti kama fanani ameficha, amefichua, au amesema tu kama lugha inavyotaka. Uamuzi huo ni wa fanani. Yafaa basi matini ya asili ichapishwe pamoja na tafsiri, pale ambapo jinsia haikutajwa paonyeshwe, na msimulizi aulizwe kabla ya kiwakilishi kuchaguliwa, kama anavyoulizwa kabla ya jina lake kuandikwa. Sauti iliyonaswa katika kinasa sauti nayo isichukuliwe kuwa haina jina, kwa maana Homa Bay na Migori mtu hutambuliwa kwa sauti yake kabla hajamaliza sentensi.