Gode kubwa si kila mara gode nzuri: namna ya kuchagulia kipakiaji kipya gode yake



Siku hizi kooperative na mashamba ya watu binafsi zinaanza kujipatia mashine. Ikifika saa ya kuandika komandi, patroni anamtazama kijana mwenye lisansi ya agronomia, anamwambia: «Wewe njo ulisoma, tuchagulie.» Mara nyingi mashine yenyewe imekwisha kuchaguliwa na bei. Kinachobaki kwa kijana ni vyombo vya mbele, na cha kwanza ni gode, ile ndoo ya chuma inayochota udongo. Anaona ni kitu kidogo. Anaandika «gode moja, kubwa», anatia sahihi.

Kumbe pale njo kazi yote inaamuliwa. Mashine inasukuma na inainua tu. Kinachogusa udongo wako ni gode. Na kwetu hapa Lubumbashi, chombo kinachoagizwa mbali kinatembea wiki nyingi, kinapita Kasumbalesa, kinalipiwa ushuru. Kikifika na hakifai, hakuna mtu atakirudisha. Kwa hiyo tuongee polepole: gode inachaguliwa namna gani?

Mashine gani tunaongelea

Ni kile kipakiaji kidogo kinachotembea juu ya mikanda ya kauchu, shargeze ndogo ya shenii. Shofere anakaa ndani ya kabine, mikono miwili ya chuma inapita pembeni yake, na mbele kuna bamba la kufungia gode. Babu yake alizaliwa kwa ajili ya kilimo. Mwaka 1957, ndugu wawili mafundi, Louis na Cyril Keller, walitengeneza kipakiaji kidogo cha magurudumu matatu kule Minnesota, Marekani, juu ya mfugaji mmoja wa bata mzinga. Huyo mfugaji alitaka mashine ya kuingia ndani ya banda na kugeuka kati ya nguzo ili kutoa mavi ya ndege. Mikanda ya kauchu ilikuja nyuma. Faida yake ni kwamba uzito wa mashine unasambaa juu ya eneo kubwa, haizami upesi kwenye matope, na haikandamizi udongo sawa na magurudumu membamba.

Anza na uzito, usianze na ukubwa

Watu wengi wanauliza: «Gode inabeba metre kibe ngapi?» Swali la kwanza linapaswa kuwa: «Nitabeba nini, na kile kitu kina uzito gani kikiwa kimelowa?»

Hizi ni namba za kukadiria. Kila udongo una tabia yake, lakini zinatosha kwa kuanza. Metre kibe moja ya vitu hivi inakaribia uzito huu:

– mboji iliyoiva: kilo 500 mpaka 800, kufuatana na maji yaliyomo
– mahindi ya punje: kilo 720
– udongo mkavu uliolegea: kilo 1200 mpaka 1300
– kokoto: kilo 1600
– udongo wa mfinyanzi uliolowa: kilo 1800
– mchanga uliolowa: kilo 1900

Sasa chukua gode mbili. Ya kwanza inabeba 0,45 metre kibe. Ya pili ni ile kubwa ya vitu vyepesi, inabeba 0,80. Tuseme mashine yako inaruhusiwa kubeba kilo 900.

Gode ndogo ikijaa mchanga uliolowa inabeba kama kilo 855. Uko ndani ya kipimo. Gode kubwa ikijaa mboji yenye kilo 600 kwa metre kibe inabeba kilo 480. Vizuri sana, unafanya safari chache. Lakini siku moja shofere anaombwa kupakia mchanga na ile gode kubwa. Anajaza. Ni kilo 1520. Mzigo umepita kipimo mbali sana, na kama mikono iko juu au mashine iko kwenye mteremko, inaweza kulala na mtu ndani.

Na usifikiri shofere atajaza nusu kwa sababu ulimwambia. Saa kumi na moja jioni, kamyo inangoja, kila mtu anajaza mpaka juu. Njo maana gode yenyewe inapaswa kuwa kizuizi: chagua ukubwa ambao, hata ukijazwa na kitu kizito kuliko vyote utakavyobeba, hautapita kipimo cha mashine.

Tena usisahau majira. Hapa Haut-Katanga udongo wa mwezi wa nane na udongo wa mwezi wa kwanza hauko kitu kimoja. Piga hesabu ya masika.

Mtego wa namba mbili kwenye katalogi

Ile namba ya kilo 900 inatoka wapi? Watengenezaji wanatafuta kwanza mzigo unaofanya mashine ianze kuinama mbele. Kiisha wanachukua sehemu yake tu na kuiita mzigo wa kazi. Kwa mashine za magurudumu, kipimo cha kimataifa kinachukua asilimia 50. Kwa mashine za mikanda, kinachukua asilimia 35. Kuna katalogi zinazoandika namba zote mbili kando kando, na muuzaji anakuonyesha ile kubwa. Mashine inayoinama kwa kilo 2570 itaandikwa 900 upande mmoja na 1285 upande mwingine. Kwa kipakiaji cha mikanda, wewe fuata ile ya asilimia 35.

Kitu kingine: mzigo wa kazi unapimwa mashine ikiwa na gode yake ya kawaida. Ukifunga gode iliyo nzito kuliko ile kwa kilo 200, karibu kilo 200 zinatoka kwenye mzigo wako. Uliza uzito wa gode tupu. Hauko mara zote kwenye proforma, lakini muuzaji anaujua.

Na ukisoma «metre kibe» kwenye gode, uliza kama ni kipimo cha gode iliyosawazwa kwenye midomo au iliyojaa na kilima juu. Wengi wanaandika ya kilima. Piga hesabu na ile.

Upana: funika mikanda, basi

Pima mashine kutoka ukingo wa nje wa mkanda wa kushoto mpaka ukingo wa nje wa mkanda wa kuume. Gode inapaswa kuwa sawa na kile kipimo, au kuzidi kidogo, sentimetre chache kila upande. Ikiwa nyembamba kuliko mikanda, mashine itapanda juu ya udongo ambao gode imeuacha pembeni, itayumba, na kazi ya kusawazisha itatoka na mawimbi. Hautaweza pia kuchimba karibu na ukuta.

Ikiwa pana mno, ile nguvu ya kuchimba inasambaa juu ya ukingo mrefu na gode haiingii kwenye udongo mgumu. Ni sawa na kukata nyama na ubapa wa kisu. Pima vilevile mlango wa zizi na trela ya kubebea mashine, mbele ya kuandika komandi.

Umbo: fupi na ya chini, ao ndefu na ya juu

Gode yenye mgongo mfupi inamruhusu shofere kuona ukingo unaokata, na inauma udongo vizuri zaidi. Gode yenye sakafu ndefu inasawazisha vizuri, lakini inapeleka mzigo mbali na mashine, kwa hiyo inapunguza utulivu. Tena ikimwaga, mdomo wake unashuka chini zaidi. Jambo hili la mwisho linasahauliwa: gode inaweza kuwa nzuri ndani ya shamba, kumbe haifiki juu ya bene ya kamyo yenu. Pima urefu wa bene, kiisha uliza mdomo wa gode unabaki juu kiasi gani wakati wa kumwaga. Usiridhike na urefu wa kile chuma kinachoshika gode. Huo ni mkubwa kuliko urefu wa kweli wa kumwagia.

Meno ao ukingo laini?

Wote mnajua vile vichuguu vikubwa vya Katanga, vinavyopita kimo cha mtu mara mbili na zaidi. Wakati wa kiangazi vinakuwa vigumu kama tofali la kuchomwa. Ukivigusa na ukingo laini, mashine inateleza na mikanda inakwaruza chini. Pale meno yanahitajika: yanakusanya nguvu yote kwenye ncha chache, udongo unapasuka. Vilevile kwa mizizi na lateriti.

Lakini meno yanaacha mifereji. Ukiingia nayo kwenye zizi lenye sima, yanachimbua sima na yanaacha nusu ya mbolea. Ukisawazisha nayo kitalu, unapata mistari ambayo maji ya mvua ya kwanza yatafuata.

Suluhisho liko: gode ya ukingo laini, na pamoja nayo upau wa meno unaofungwa na buloni. Siku ya kichuguu unaufunga, siku ya zizi unautoa. Vilevile omba ukingo wa ziada unaofungwa na buloni. Ule njo utalika mbele ya gode yenyewe, na mwingi unaweza kugeuzwa ukikwisha upande mmoja. Kumwambia fundi achomelee meno moja kwa moja kwenye ukingo wa gode, mimi sishauri: chuma kile kiliimarishwa na moto, na ukikichoma ovyo kinaweza kupasuka.

Kwa wandugu wa Goma, wanaofanya kazi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, hesabu ni nyingine. Yale mawe yanakata na yanasaga. Pale tafuta gode nzito ya mawe, na uchunge mikanda, kwa maana kauchu inaweza kukatika mbele ya gode kuchoka.

Kile ambacho muuzaji hatakuambia

Hapa naongea kama mwanaagronomia. Gode ni chombo cha kupakia. Watu wanaitumia kusafisha shamba: wanashusha ukingo, wanasukuma majani, vichaka na udongo wa juu pamoja, wanatupa pembeni. Shamba linabaki safi, jekundu, linapendeza kwenye picha.

Tupige hesabu. Kuondoa sentimetre 5 tu juu ya hektari moja ni metre kibe 500 za udongo. Na gode yetu ya 0,45 ni safari zaidi ya 1100. Huo njo udongo wenye mboji, wenye vijidudu, wenye sehemu kubwa ya naitrojeni. Kwenye udongo wetu mwekundu, uliooshwa na mvua tangu zamani sana, karibu rutuba yote inakaa kwenye zile sentimetre chache za juu. Ukiiondoa, hakuna mfuko wa NPK utairudisha kwa msimu mmoja.

Kwa hiyo kama kazi yenu ya kwanza ni kufungua shamba, fikiria gode yenye vidole vilivyoachana, inayobeba vichaka na mizizi na kuacha udongo uanguke. Na kama lazima kusawazisha, udongo wa juu uondolewe kwanza, uwekwe pembeni peke yake, kiisha urudishwe mwishoni.

Bamba na mabomba

Mashine nyingi zinatumia bamba la namna moja la kufungia vyombo, kwa hiyo gode ya kampuni moja inaweza kukaa kwenye mashine ya kampuni nyingine. Nyingi, lakini si zote. Zile ndogo sana hasa ziko na namna yao. Andika modeli kamili ya mashine kwenye komandi, na uombe muuzaji athibitishe kwa maandishi.

Kuna vilevile gode inayofunguka katikati kama mdomo: inachota, inasukuma, inashika magogo, inamwaga kwa chini. Kama pesa inatosha chombo kimoja tu na kazi ni za kila aina, inafaa. Lakini ni nzito, ni ghali, na inahitaji mabomba ya mafuta na silinda zake. Uwe na fundi anayeweza kubadilisha bomba lililopasuka.

Basi, tununue nini?

Kwa kooperative yenye mahindi, mifugo kidogo na mboji, mimi ningeanza hivi: gode ya kawaida yenye ukingo laini, upana wa mikanda, ukubwa uliopigiwa hesabu ya mchanga uliolowa, ukingo wa ziada wa buloni, na upau wa meno. Gode kubwa ya mboji ingekuja mwaka wa pili, na ingepakwa rangi tofauti, na neno MBOJI TU liandikwe mgongoni.

Mbele ya kutia sahihi, omba mambo haya yaandikwe kwenye proforma: mzigo wa kazi wa mashine kwa asilimia 35, uzito wa gode tupu, ujazo wake na kilima, upana wake, urefu wa kumwagia, aina ya ukingo, aina ya bamba. Ni mistari saba. Muuzaji akikataa kuijaza, hata jibu lile linakufundisha kitu.

Patroni atauliza kwa nini unachelewesha komandi kwa sababu ya ndoo. Mwonyeshe hesabu ya kilo 1520, kiisha mwulize ni nani atakaa kwenye kile kiti.