Mlango Hupimwa kwa Dakika: Usanifu na Ujenzi wa Milango ya Vyumba vya Hazina kwa Kuzingatia Mazingira ya Kiriri, Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mlango wa chumba cha hazina unavyosanifiwa, unavyojengwa na unavyopimwa. Hoja yake kuu ni kwamba hakuna mlango usiovunjika. Kila mlango hununua muda tu. Muda huo una thamani pale ambapo kuta, sakafu na dari vina uimara unaolingana na mlango, na pale ambapo yupo mtu atakayefika kabla haujakwisha. Mifano imetolewa Thika, Fortaleza na London, na mteremko wa Kiriri umetumika kuonyesha jinsi ardhi na makazi ya watu yanavyobadili maamuzi ya msanifu. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kuhusu zabuni, viwango vya pamoja na istilahi za Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Kiriri ni mtaa ulioko juu ya mteremko, upande wa mashariki wa jiji la Bujumbura. Aliyesimama hapo huliona jiji, Ziwa Tanganyika na, siku isiyo na ukungu, milima ya Kongo ng'ambo ya pili. Katika mtaa huu ipo Kampasi ya Kiriri ya Chuo Kikuu cha Burundi, pamoja na makazi ya wanadiplomasia na ya watumishi wa ngazi za juu. Fedha zenyewe haziko huko. Benki nyingi ziko chini, katikati ya jiji. Kwa hiyo wapo watu wanaolala mlimani ilhali dhamana waliyokabidhiwa imelala bondeni. Utengano huo, kama itakavyoonekana, ni sehemu ya usanifu wa mlango.

Suala hili lina uzito wa kisera. Benki kuu ya nchi hii ilianza mwaka 1964, baada ya kuvunjwa kwa benki ya pamoja iliyokuwa ikitoa sarafu ya Rwanda na Burundi. Sasa mwelekeo ni wa kurudi kwenye umoja, na kwa upana zaidi: Itifaki ya Umoja wa Sarafu wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Sarafu ikiwa moja, noti iliyoibwa katika tawi dhaifu la nchi moja itatumika bila kubadilishwa katika nchi nyingine zote za umoja huo. Udhaifu wa chumba kimoja utakuwa udhaifu wa wote.

2.0 Istilahi

Mara nyingi hudaiwa kwamba Kiswahili hakina msamiati wa fani hii. Madai hayo hayasimami mbele ya milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Mafundi wa huko wamekuwa na mwimo, yaani nguzo ya pembeni ya mlango, kizingiti, bawaba, komeo, pingo, na mfaa, ule mti wa katikati ambao mbao mbili za mlango hukutania. Makala hii inatumia maneno hayo kwa maana zake za kawaida. Chumba cha hazina ni chumba kilichojengwa mahususi kwa ajili ya kuhifadhi fedha au nyaraka, tofauti na sefu, ambayo ni kasha linaloweza kuhamishwa. Kitasa ni chombo kinachoruhusu au kuzuia makomeo yasisogee. Komeo ni nondo nene ya chuma inayoingia katika mwimo. Tofauti kati ya kitasa na komeo ni ya msingi, kwa kuwa wengi huamini kwamba kitasa ndicho kinachoubana mlango. Sivyo. Makomeo ndiyo yanayoubana mlango. Kitasa huyabana makomeo.

3.0 Mwili wa Mlango

3.1 Tabaka

Mlango wa hazina si kipande kimoja cha chuma. Chuma kitupu, hata kikiwa kinene, hukatwa kwa moto wa gesi. Zege tupu halidhuriki upesi na moto, lakini hupasuka kwa nyundo na hutobolewa kwa keekee yenye meno ya almasi. Kwa sababu hiyo msanifu huvipanga vitu vyenye tabia zinazokinzana: bamba la chuma upande wa nje, kisha kiini cha zege lililochanganywa na kokoto ngumu sana na nyuzi za chuma, na wakati mwingine tabaka la shaba ambalo huusambaza upesi joto la moto ili usikusanyike mahali pamoja. Kifaa kinachofaulu katika tabaka moja hushindwa katika tabaka linalofuata. Mshambuliaji analazimika kubadilisha zana, na kila badiliko humgharimu muda.

3.2 Makomeo na bawaba

Makomeo husukumwa kwa gurudumu au mkono ulio nje ya mlango, na huingia katika miimo ya pande mbili au zaidi. Upande wa bawaba huwekwa vyuma visivyosogea ambavyo huingia katika mwimo mlango unapofungwa. Kwa hiyo anayekata bawaba kwa nje hapati chochote: mlango hubaki umeshikwa mahali pake. Kazi ya bawaba ni kubeba uzito, ambao mara nyingi ni wa tani kadhaa. Kuulinda mlango si kazi yake.

3.3 Kitasa na komeo la akiba

Kitasa ndicho sehemu ndogo kuliko zote, nacho ndicho kinachoshambuliwa zaidi. Hufunikwa kwa bamba gumu linaloharibu ncha ya keekee. Nyuma ya bamba hilo huweza kuwekwa kioo kilichofungwa nyaya zilizokazwa. Kioo kikivunjika, nyaya hulegea na makomeo ya akiba hufyatuka kwa nguvu ya springi. Kuanzia hapo hata mwenye namba sahihi hawezi kufungua. Ataitwa fundi, naye atafanya kazi ya saa nyingi. Msanifu amekubali hasara hiyo kwa makusudi.

3.4 Saa inayomlinda mtu

Mwaka 1873 Mmarekani James Sargent alitengeneza kitasa cha saa. Tatizo lililokuwapo halikuwa la chuma. Majambazi walikuwa wameacha kuishambulia milango na kuanza kuwavamia maofisa wa benki majumbani mwao usiku, wakiwatesa ili wataje namba. Kitasa cha saa huwekwa jioni na hakiruhusu makomeo kusogea hadi saa iliyopangwa itimie, hata namba ikiwa sahihi. Kwa kawaida huwa na mitambo mitatu ya saa inayokwenda kwa pamoja. Mmoja tu ukitimiza muda wake unatosha kuruhusu kufunguliwa, ili kuharibika kwa mmoja au hata miwili kusiufunge mlango daima.

Hapa ndipo utengano wa Kiriri na bonde unapopata maana. Ofisa anayelala mlimani akiwa na namba kichwani amebeba hatari hadi chumbani kwake, kwa mke au mume wake na kwa watoto wake. Kitasa cha saa humwondolea mzigo huo, mradi ijulikane hadharani kwamba kipo. Taasisi inayoficha habari hiyo inaipunguzia saa nusu ya manufaa yake.

Saa hiyohiyo inaweza kumdhuru aliyefungiwa ndani kwa bahati mbaya. Ndiyo maana chumba cha hazina huhitaji tundu la dharura la hewa na namna ya kuwasiliana na walio nje. Katika ununuzi, vitu hivi viwili visihesabiwe kuwa vya hiari.

4.0 Vipimo

Mnunuzi asiye na uzoefu huuliza mlango una unene gani na uzito gani. Viwango vya kimataifa huuliza swali jingine. Katika kiwango cha Marekani cha UL 608, madaraja manne hutajwa kwa muda: dakika 15, dakika 30, saa 1 na saa 2. Wanaopima ni wataalamu waliokwisha kuiona michoro ya mlango, na saa huhesabu tu muda ambao zana zinafanya kazi. Wakipumzika, saa husimama. Katika kiwango cha Ulaya cha EN 1143-1, muda huo huzidishwa kwa kigezo cha zana iliyotumika, kisha huongezwa thamani ya msingi ya zana hiyo. Matokeo huitwa vizio vya ukinzani. Daraja la III, kwa mfano, hudai vizio 80 kwa tundu la kupitisha mkono na vizio 120 kwa mwanya wa kuingilia.

Viwango vyote viwili vinakiri jambo moja: mlango utafunguka. Kinachouzwa ni muda. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lihusu mlinzi na polisi, nalo ni hili: watafika baada ya dakika ngapi?

5.0 Pale Mlango Ulipoachwa Salama

Mwezi Novemba 2017, katika mji wa Thika, Kenya, wezi walichimba handaki kutoka chumba cha biashara kilichokuwa jirani hadi chini ya chumba cha hazina cha tawi la KCB. Walitoka na karibu shilingi milioni 50 za Kenya. Wizi uligunduliwa Jumatatu. Mwezi Agosti 2005, huko Fortaleza nchini Brazili, handaki la karibu mita 80 lilifika chini ya hazina ya benki kuu ya nchi hiyo, na zaidi ya reali milioni 160 zikachukuliwa. Huo nao uligunduliwa Jumatatu. Wakati wa Pasaka ya mwaka 2015, mtaa wa Hatton Garden, London, wezi walitoboa ukuta wa zege wenye unene wa takriban nusu mita, kando ya mlango. King'ora kililia. Mlinzi alikuja, akatazama kwa nje, hakuona dalili ya kuvunjwa, akaondoka.

Katika matukio yote matatu mlango ulitimiza wajibu wake: haukufunguliwa. Thika na Fortaleza zilishindwa kwa sakafu. London ilishindwa kwa ukuta na kwa binadamu. Mwisho wa juma ulizigeuza dakika kuwa siku. Mlango wa saa mbili ni kazi bure ikiwa hakuna anayesikiliza kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi.

6.0 Mteremko wa Kiriri

Tuchukue mfano wa kufikirika wa taasisi inayotaka chumba cha hazina mlimani Kiriri, iwe kwa fedha, kwa mitihani au kwa kumbukumbu za shahada. Kuna faida iliyo wazi: mahali pa juu pamejitenga na maji. Katika miaka ya karibuni kina cha Ziwa Tanganyika kimepanda, na mafuriko yameisumbua Gatumba mara kwa mara. Chumba cha chini ya ardhi karibu na ziwa hupigana na maji kabla ya kupigana na mwizi.

Hata hivyo mteremko una madai yake. Udongo wa vilima vinavyoizunguka Bujumbura humomonyoka, na kingo za mto Ntahangwa zimeporomoka na kuchukua nyumba za watu. Isitoshe, jiji limo ndani ya Bonde la Ufa. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililotokea upande wa Bukavu na Rusizi, ni ukumbusho. Mwanya kati ya mlango wa hazina na fremu yake huhesabiwa kwa milimita. Msingi ukititia upande mmoja, fremu hujipinda, makomeo hayalingani tena na matundu yake, na mlango wa tani kadhaa hukataa kufunguka au, lililo baya zaidi, hukataa kufungwa.

Suluhisho ni kukijenga chumba chote kama sanduku moja la zege lenye nondo, juu ya msingi wake mpana, likitenganishwa na jengo linalolizunguka. Sanduku likiinama, huinama zima, na mlango hubaki sambamba na fremu yake. Utaratibu wa kazi nao ni muhimu: fremu husimamishwa, hupimwa kwa timazi na kuunganishwa na nondo za ukuta kwanza, zege humwagwa baadaye. Kuvunja tundu katika ukuta uliokwisha kukauka na kupachika fremu humo ni kumwachia mwizi mshono.

Pande sita za sanduku, yaani kuta nne, sakafu na dari, ziwe za daraja moja na mlango. Ikiwa fedha hazitoshi, ni heri daraja la chini pande zote kuliko mlango wa fahari kwenye ukuta wa tofali.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala inapendekeza mambo manne. Kwanza, zabuni za umma zitaje daraja la ukinzani lililothibitishwa kwa majaribio, si unene wala uzito. Pili, daraja hilo lichaguliwe baada ya kupima muda halisi wa askari kufika, usiku, wakati wa mvua na umeme ukiwa umekatika. Mlango uwe na dakika nyingi kuliko hizo. Tatu, kwa kuwa Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji imekwisha kuweka njia ya kuoanisha viwango, Ofisi ya Viwango ya Burundi na wenzake wa nchi wanachama waandae kiwango kimoja cha vyumba vya hazina kabla ya sarafu moja kuanza kutumika. Nne, kiwango hicho kiandikwe pia kwa Kiswahili. Cheti cha mlango huja kwa Kifaransa au Kiingereza, nacho hukaa katika jalada la mkurugenzi. Anayeufunga mlango jioni na kuutazama usiku kucha huzungumza Kirundi na Kiswahili. Akielezwa kwamba mlango wake ni wa dakika 30, ataelewa pia kwamba king'ora kikilia, kutazama kwa nje na kurudi kulala hakutoshi.