Baba Asiyeonekana Kwenye Mizani

Wakulima wa maboga ya mashindano huko Marekani, Kanada na Ulaya huziita mbegu zao kwa namba na jina: 2009 Wallace, 2145 McMullen, 2624 Willemijns. Namba ni uzito wa boga kwa ratili. Jina ni la aliyelilima. Mbegu ya 2009 Wallace, kwa mfano, ilitoka katika boga la Ron Wallace lililopimwa mwaka 2012, la kwanza duniani kuvuka ratili 2,000. Lilikuwa na kilo 911 hivi.

Mnunuzi mgeni akiiona namba kubwa hudhani kapata ukoo bora. Bado hajapata, maana namba hiyo inamhusu mzazi mmoja tu. Ganda na nyama ya boga ni mwili wa mmea mama. Chavua ya ua dume haibadilishi umbo wala rangi ya boga la msimu huu. Mchango wake umo ndani ya mbegu, na utaonekana mbegu hizo zikipandwa. Boga la kilo 1,000 linaweza kubeba mbegu ambazo baba yao ni wa ukoo hafifu, na mizani isiseme lolote. Kwa sababu hiyo wakulima makini huandika wazazi wote wawili, mama akitangulia.

Kumjua baba kwa hakika kunataka kumzuia nyuki. Maboga hutoa maua dume na maua jike mbalimbali kwenye mmea mmoja. Jioni, kabla ua jike halijachanua, mkulima hulifunga. Asubuhi na mapema huchuma ua dume alilolifunga vilevile, huondoa petali, hupaka chavua, kisha hulifunga tena ua jike. Akitumia ua dume la mmea uleule, sehemu za jeni zenye nakala mbili tofauti hupungua kwa wastani wa nusu katika kizazi kinachofuata, na watoto huanza kufanana. Mahindi yakizalishwa hivyo hudumaa haraka. Jamii ya maboga huvumilia zaidi, na nadhani bila uvumilivu huo kazi hii isingewezekana kwa watu wenye bustani tu nyuma ya nyumba.

Msingi wa ukoo wa leo uliwekwa na Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, Kanada. Alichagua na kuchagua tena kwa miaka mingi hadi akapata aina ya Atlantic Giant, akatwaa ubingwa wa dunia mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Boga lake la 1981 lilikuwa na kilo 224. Mwaka 2025 Stuart na Ian Paton wa Uingereza walipima kilo 1,278.8. Karibu maboga yote ya mashindano yanatokana na mbegu za Dill.

Ni nini kilichobadilika ndani ya mmea? Jessica Savage na wenzake walionyesha mwaka 2015 kwamba maboga haya yana floemu nyingi zaidi, yaani tishu inayosafirisha sukari kutoka kwenye majani. Wakulima walichagua uzito. Floemu ikaja pamoja nao bila mtu kuiona.

Ila boga linalokua upesi hupasuka upesi, na ufa ukifika kwenye uwazi wa ndani boga huondolewa mashindanoni. Ukoo mzuri basi hujulikana kwa watoto wake kulimwa na watu wengi, kwenye udongo tofauti, na bado wakafika mizanini wazima na wazito. Boga la 2145 McMullen la mwaka 2015 halikuvunja rekodi ya dunia, iliyokuwa ya Beni Meier wa Uswisi. Sifa yake ililetwa na uzao wake.

Anayetunza mbegu za maboga Njombe au Kitale anaweza kutumia njia hiyohiyo. Funga maua jioni kwa uzi, chavusha asubuhi kwa mkono, weka alama kwenye kikonyo, na boga hilo liache likomae kabisa kwa ajili ya mbegu. Yaliyochavushwa na nyuki yaende jikoni.