Samaki Mla Mwani wa Ziwa Tanganyika: Namna ya Kumtunza

Njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora na kuishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Reli nayo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo mwalimu wa Kitete atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake samaki mla mwani hana haja ya kumwagiza kutoka baharini. Yuko mwishoni mwa reli hiyo: ni samaki wa jenasi ya Tropheus.

Mwani ni ule ukijani utelezao juu ya mawe majini. Tropheus, ambaye kwa kawaida hazidi sentimita 15, huukwangua kwa meno yake mengi madogo. Chakula hicho hakina nguvu nyingi. Kwa hiyo samaki hula mchana kutwa, na utumbo wake ni mrefu kuliko mwili wake mara kadhaa.

Mwaka 1898 G. A. Boulenger alimwita mmoja wao Tropheus moorii, kwa heshima ya J. E. S. Moore, mwanazuolojia Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1896. Moore aliona konokono waliofanana na wa baharini, akadhani kwamba ziwa liliwahi kuungana na bahari. Wataalamu wa leo hawaikubali dhana hiyo.

Fikira kama hiyo humpoteza mfugaji anayetia chumvi ya kula katika tangi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ya Tanganyika haina hata gramu 1, na sehemu kubwa ni bikaboneti. Ndiyo sababu maji hayo yana alkali, yaani pH ya karibu 9. Chumvi ya Uvinza, iliyosifika katika njia ya misafara, haiwezi kuleta hali hiyo. Tumia vipande vya mawe ya chokaa na bikaboneti ya soda kidogo kidogo, huku ukipima pH. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi.

Alkali ina hatari yake. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na kadiri pH inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyobaki katika hali ya sumu ipenyayo matamvua. Hivyo basi, tangi lianzishwe wiki kadhaa kabla, kwa kutia chembe chache za chakula kila siku, hata bakteria waigeuzao amonia wazaliane katika chujio na changarawe. Baadaye badilisha robo ya maji kila wiki. Maji ya bomba yenye klorini yatiwe dawa ya kuiondoa kwanza.

Tropheus ni mgomvi. Wakiwa wachache, mnyonge hufukuzwa mpaka afe. Wakiwa 12 au zaidi katika tangi la lita 300 au zaidi, ugomvi hugawanyika. Panga mawe yenye mianya ya kujificha.

Wengi hufa kwa ukarimu wa mfugaji. Nyama na vyakula vyenye mafuta mengi huvuruga utumbo ule mrefu: tumbo huvimba, samaki hukataa kula, kinyesi huwa cheupe kama uzi, na mara nyingi hufa. Mpe mchicha uliochemshwa na kukatwakatwa, au chakula kikavu cha mwani, kidogo mara mbili au tatu kwa siku. Wanafunzi waweza pia kuweka mawe katika beseni la maji juani mpaka yaote mwani, kisha kuyabadilishana na yale yaliyokwanguliwa.

Jike hutaga mayai machache makubwa na kuyaatamia kinywani kwa muda wa karibu mwezi mmoja, asisumbuliwe. Ziwani, fukwe za mchanga hutenganisha koo za samaki hawa, zikawa na rangi mbalimbali. Kwa hiyo usichanganye samaki wa mwambao huu na wa ule. Wala asitupwe hata mmoja katika bwawa la Igombe au mto wowote. Sangara, aliyeingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, alichangia kuangamiza samaki wengi wa asili, na hasara ya namna hiyo hairekebishiki.